Dawa Ambayo Pengine Ni Maji

Katika familia yetu hatukuiogopa Noeli, tuliogopa kesho yake. Watu wengine wakila wali, bugali na nyama mpaka wakalegeza mishipi, huamka na tumbo zito, basi. Mimi nilikuwa naamka bila miguu. Macho yanafunguka, akili timamu, jogoo namsikia, ng'ombe nawasikia wakilalamika kwamba hawajakamuliwa, lakini nikiuambia mguu twende, mguu hauna habari nami. Mikono vilevile. Shingo siku nyingine ilikubali, siku nyingine ilikataa. Nilikaa hivyo mpaka jua likapanda, halafu nguvu zikarudi pole pole, na jioni ungenikuta nimejitwika bidoni la maziwa ukadhani asubuhi nilikuwa najidekeza.

Na wengi walidhani hivyo. Waliokuwa wapole walisema nimerogwa. Kanisani waliniombea sana, na siwalaumu, mapenzi yao yalikuwa ya kweli. Ila kuna mhubiri mmoja mgeni aliyemkemea pepo wangu kwa nguvu mpaka mate yake yakanifika usoni, nami sikuwa na mkono wa kujifuta. Nilimchukia yule mtu siku nzima. Pepo hakutoka, kwa sababu hakuwamo.

Papa, baba yangu mzazi, alikuwa na ugonjwa huo kabla yangu, na mama yake kabla yake. Alijifunza mwenyewe kwamba usile bugali nyingi jioni, usilale mara tu baada ya kazi nzito, usikubali baridi ikukute umekaa. Ugonjwa wetu una adabu mbaya: ukizeeka, asubuhi zile zinapungua, lakini unapoaga unaondoka na nyama ya mapaja yako. Wakati ninaousimulia Papa alikuwa anatembea kwa fimbo na vilima vilikuwa vimemshinda. Alikuwa amehamia Mweso kwa dada yake, shangazi yangu, ambaye ugonjwa ulimruka kabisa na ambaye nguvu zake zote zilikwenda mdomoni. Mimi, mume wangu na binti yetu mdogo tulibaki kilimani na ng'ombe.

Kilimani kwetu ni kuzuri, nisikilizeni vizuri, sitaki mtu anionee huruma kwa kuishi Masisi. Majani hayaishi, maziwa ni mazito, na asubuhi ukungu ukipanda kutoka bondeni unaona mabati ya majirani yakitokeza moja moja. Lakini kila nyumba kwetu, hata yenye bati jipya, ina mfuko uliofungwa tayari karibu na mlango. Siku ya kukimbia vita haitumi mjumbe, na inapenda kuja alfajiri. Alfajiri ndiyo ilikuwa saa yangu ya kufungwa.

Mwaka mmoja ilitukuta hivyo. Risasi zilisikika nyuma ya kilima, majirani wakaanza kutoka, nami nimelala natazama bati. Mume wangu alinifunga mgongoni kwa kitenge, namna wanavyofungwa watoto, akashuka nami kilima kizima. Jirani alimbeba binti yetu. Ng'ombe walibaki, kwa sababu mtu ana mgongo mmoja tu. Tuliporudi, zizi lilikuwa tupu. Mume wangu hajawahi kunitajia ng'ombe wale hata siku moja, hata tukigombana, na sisi tunagombana vizuri. Wengine walimsema. Nilisikia kwa masikio yangu, kisimani, mwanamke akisema kwamba kuna mwanamume aliacha mali akabeba mke asiyeamka.

Tulianza upya kwa mtamba ambao rafiki wa Papa alitugabira. Neno hilo kwetu ni kubwa. Kugabira ni kumpa mtu ng'ombe bila bei, lakini anayepokea anajua alichopokea: atakwenda kushukuru, atafika kwenye misiba na harusi za aliyempa, siku moja atamrudishia ndama, na kamba kati yao haikatiki. Ndiyo maana mfugaji akiambiwa kitu ni cha bure, kwanza anatazama ni nani ameshika ncha ya pili ya kamba.

Baada ya mwaka ule sikuomba tena kupona. Niliomba kitu kimoja tu: siku nyingine ya namna ile inikute nimesimama.

Aliyeupa ugonjwa wetu jina alikuwa daktari wa hospitali ya mjini, mwanamke wa sauti ndogo na subira kubwa. Nilikuwa nimemlaza binti yangu kwa malaria, na ndugu za mgonjwa wa kitanda cha jirani, watu wakarimu, walinilisha wali mpaka nikashindwa kuinuka kwenye mkeka. Asubuhi nilishindwa kweli. Daktari alipiga magoti pale chini akanitoa damu nikiwa bado nimelala, jambo ambalo madaktari wengine wote hawakuwahi kulifanya, maana kwao nilikuwa nafika jioni, mzima, nikitembea. Damu ikasema. Kuna chumvi fulani ambayo misuli inaihitaji, na kwa watu wa uzao wetu chumvi hiyo inaihama damu tukishiba sana au tukipumzika baada ya kazi. Ugonjwa una jina refu la Kifaransa ambalo Shangazi analitamka kila mara kwa namna mpya. Daktari alisema ni ugonjwa wa watu wachache sana duniani. Nilijisikia mtu wa maana kwa muda mfupi, kisha nikauliza dawa iko wapi.

Dawa ndiyo iliyotuletea maneno. Msimu mmoja ukapita, akaniita tena. Alisema kuna siro, dawa ya kunywa, ambayo imesaidia baadhi ya wagonjwa kwingine, lakini haijapimwa sawasawa kwa watu wa huku kwetu, wanaokula vyakula vyetu na kufanya kazi zetu. Walitaka kuipima. Upimaji huo wenyewe waliuita etide. Nilikuwa nimekwisha kusema ndiyo moyoni alipofika mahali pabaya.

"Kutakuwa chupa za aina mbili, Mama. Miezi ya kwanza utakunywa moja, miezi ya nyuma utakunywa ingine. Moja iko na dawa. Ingine iko maji tu, yenye rangi ileile na uchungu uleule. Gani itaanza, weye hautajua. Mimi pia sitajua."

"Maji?"

"Maji. Tukijua, tutaanza kuona kile tunapenda kuona."

Hapo nilisimama. Lazima mnielewe: mimi nauza maziwa. Kwetu mtu anaweza kunywa pombe, anaweza kumkosea mke wake, anaweza kulala kanisani, na bado watu wakamsalimu. Lakini anayetia maji kwenye maziwa amekwisha. Shangazi ndiye aliyekuwa akipokea maziwa ya kilima chetu pale Mweso, na kipimo cha kioo alikuwa nacho, ila alikitumia kuwaridhisha wageni. Yeye aliamini ukucha wake. Alidondosha tone kwenye ukucha wa kidole gumba: maziwa mazima yanakaa yamejikunyata, yaliyotiwa maji yanatelemka. Niliwahi kumwona akimwaga bidoni zima la mwanamume mwenye koti na kofia, mbele ya watu, bila kumwambia neno. Yule mtu alihamishia ng'ombe zake upande wa Kitshanga.

"Kwetu muntu wa kutia maji mu maziba hatumupokelee tena," nilimwambia daktari. "Na weye, muntu wa masomo, unaniambia mu macho kama utaninywesha maji?"

"Ndiyo, Mama, ninakuambia mu macho. Ule wa kutia maji mu maziba, yeye anakuambiaka?"

Alikuwa amenishinda, na mimi nikishindwa ndipo hasira inapanda. Nilichukua kitenge changu nikatoka.

Nje kwenye benchi alikuwa amekaa mwanamume mwenye viatu vya mpira vilivyojaa udongo mwekundu. Alinitazama jinsi ninavyotoka kwa kishindo, akasogea kunipisha nafasi.

"Na weye uko wa asubuhi?" akaniuliza.

Sikuelewa.

"Wa kuamuka bila miguu. Leo dokteri aliita bantu wa ile magonjwa."

Nilikaa. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mtu asiye wa damu yetu mwenye asubuhi kama zangu. Alikuwa mkulima wa Buleusa, kule Walikale, alikuwa ametembea na kupanda pikipiki na kutembea tena. Alilima mihogo na maharagwe, na mihogo yenyewe aliyoilima ndiyo ilikuwa ikimfunga, kwa sababu anachimba siku nzima, anashiba bugali, analala, na asubuhi hayupo. Kijijini kwake walimwita jina la mnyama mmoja mvivu ambalo sitaliandika. Aliniambia shingo yake pia siku nyingine inakubali, siku nyingine inakataa. Nililia pale benchini mbele ya watu, na sioni haya kulisema. Ni kitu kikubwa kuambiwa na mgeni habari za shingo yako mwenyewe.

"Nilishaitika," alisema nilipomuuliza habari za etide. "Maji ao dawa, nitakunywa. Nimekuwa peke miaka yote. Sasa wanasema tuko kidogo sana, mumoja akitoka kazi ya wote inalegea. Mimi sijawahi kuwa muntu wa kuhitajika asubuhi."

Nilirudi Mweso na maneno hayo kichwani, nikayaweka mbele ya Papa. Papa alikataa kabla sijamaliza.

"Hakuna ng'ombe ya bule," alisema. "Ule anakugabira dawa leo, kesho atakuita. Utamulipa na nini? Na kama iko maji, njo vibaya zaidi: utakuwa umefungwa kamba juu ya maji."

Shangazi aliunga mkono kuhusu maji, kwa kirefu. Alipotoka kwenda jikoni Papa aliinamisha kichwa juu ya fimbo yake. "Hii magonjwa, mimi njo nilikugabira," alisema. "Sitaki kukugabira na ya pili." Hakuwahi kusema hivyo. Tangu utoto wangu tulilizungumza jambo lile kwa utani, nani ameamka na nani hajaamka, na mimi sikujua kwamba alikuwa amelibeba moyoni kwa uzito ule. Nilimwambia aache.

Mume wangu, nilipopanda kilimani, alisikiliza yote akiwa anakamua. Hakuinua kichwa. Mwishoni alisema tu, "Mugongo yangu ingali, Mama." Alikuwa ananifariji. Alitaka nijue kwamba nikikataa, hakuna kilichoharibika, atanibeba tena. Nilimpenda kwa neno hilo, na neno hilohilo ndilo lililoniudhi kuliko yote yaliyosemwa juma lile. Sikuutaka mgongo wake. Niliutaka wangu.

Kwa hiyo nilimpigia daktari simu nikamwambia kwamba kwetu jambo la namna hii halikatwi na mtu mmoja, na kwamba Papa ana maswali. Nilitegemea atasema hana nafasi. Alisema atapita Mweso kwa kazi nyingine na atasimama.

Siku hiyo sisi watatu tulishuka kutoka kilimani, na Papa alivaa koti lake la harusi. Shangazi alimpa mgeni maziwa katika kikombe kizuri, na daktari, Mungu ambariki, aliyanywa yote bila kupumzika, ndivyo tulivyojua kwamba mazungumzo yanaweza kuanza. Papa aliuliza kama mtu anayepokea ng'ombe, kwa sababu hiyo ndiyo namna ya kuuliza anayoijua.

"Ng'ombe ikimuumiza?"

Daktari alinitazama, nikamwambia ng'ombe ni dawa. Akasema vidole vinaweza kuwasha kama vinachomwa sindano, ladha ya vyakula inaweza kugeuka, na wengine wanapata mawe ndani ya figo. Likitokea lolote hospitali itanitibu mpaka mwisho. Na nisishike mimba katika muda ule. Mume wangu alitazama nje.

"Akitaka kuirudisha katikati ya njia?"

"Siku yoyote, Papa. Hataulizwa sababu, na tutaendelea kumutunza sawa zamani."

"Na ndama iko ya nani?"

Hilo daktari alilielewa peke yake. Alifikiri kidogo. "Kile tutajua kitakuwa cha wote wenye hii magonjwa. Huyu binti mudogo wa hapa, kama siku moja ataamuka vile, atakuta bantu wanajua cha kufanya."

Binti yangu alikuwa chini ya meza akichezea kamba za viatu vya daktari. Ugonjwa wetu unasubiri mtoto akue ndipo unapobisha hodi, kwa hiyo hatujui.

"Basi niambie ya mwisho," Papa alisema. "Hii dawa itamusaidia?"

"Sijue, Papa."

Shangazi aliguna. Lakini Papa alianza kucheka, cheko la ndani linalotikisa mabega. Alikuwa amenunua ng'ombe maisha yake yote. Alitufundisha tangu wadogo kwamba mwenye kusifu mtamba wake kuanzia pembe mpaka mkia anaficha chuchu iliyokufa, na kwamba ukimpata anayekuambia mabaya ya mnyama wake kwanza, huyo usimwache. Alimtazama yule mwanamke kwa heshima mpya, kisha akanigeukia.

"Nilikuwa nimeshika kamba upande mubaya," alisema. "Hawa hawakugabire kitu. Damu iko yako, asubuhi iko yako. Weye njo unawagabira. Ukitaka, gabira kama mwenye ng'ombe. Usiende pale kama muombaji."

Naweza kusema hapo nilikata shauri, lakini ukweli nilikaa na jambo lile siku kadhaa, nikikamua, nikishindana na daktari kichwani na kushindwa. Papa alikuwa amefungua mlango, kuingia ilikuwa juu yangu. Nilichokuwa nakitafuta nilikipata siku moja nikishusha maziwa. Mwenye kutia maji anaiba kwa sababu anayekunywa hajui. Mimi najua. Nikinywa maji kwa kujua, kwa miezi michache, ili maziwa ya kweli yatambulike na watu wengine wasidanganywe, hapo nani ameibiwa? Niliweka bidoni chini barabarani nikapiga simu palepale, watu wakinipita. Nilisema naingia. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Chupa za kwanza zilifika, na Shangazi alikuwa wa kwanza kuzifungua. Sikumwomba. Alidondosha tone kwenye ukucha wake maarufu, akalipeleka mwangani, tone likatelemka mpaka kwenye kiganja.

"Maji," alitangaza.

Nilimweleza kwamba dawa ya siro haina mafuta ya maziwa, kwamba hata ikiwa dawa ya kweli itatelemka. Alinitazama kwa huruma. Kufikia Jumapili kanisa zima la Mweso lilijua kwamba nimepewa maji. Na mbaya zaidi ni kwamba mimi mwenyewe niliamini. Nilikunywa kila asubuhi na jioni nikisikia ladha ya maji machungu, asubuhi zangu zikaendelea kunifunga kama zamani, na muuguzi aliyekuwa akinipigia simu kuuliza habari zangu nilimjibu vibaya mara nyingi. Yeye alinijibu vizuri kila mara, na hilo nalo liliniudhi.

Chupa zilipobadilishwa, nilizipeleka mwenyewe kwa Shangazi. Sasa nitajua, niliwaza. Alinyoosha kidole, tone likakaa punde, likatelemka.

"Na hii," alisema.

Nilirudi nyumbani nimevunjika kabisa. Kama zote mbili ni maji, basi tumechezewa, na Papa amevaa koti la harusi bure. Nilikumbuka kwamba ng'ombe anaweza kurudishwa siku yoyote, na nikamwambia mume wangu kesho yake ataninunulia unite, salio la simu, nimwambie daktari basi. Lakini kabla ya daktari, kwa unite chache zilizobaki, nilimpigia mtu wa Buleusa, ambaye tulipeana namba pale benchini, nikitaka mwenzangu wa kulalamika. Simu ilikatika, ikarudi, ikakatika. Nilimweleza habari za ukucha. Nikasikia anacheka huko msituni kwao.

"Dada, mimi ninalimaka mihogo. Muntu akuje na ukucha wa maziba anipimie mihogo, nitamufukuza mu shamba."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, nikacheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Mwisho alisema, kwa sauti nyingine, "Usitoke, dada. Tuko kidogo." Sikutoka. Ningependa kusema nilibaki kwa sababu ya elimu, lakini nilibaki kwa sababu mtu mmoja wa Walikale alinihitaji nibaki.

Siku chache baadaye vidole vilianza kuwasha. Kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani nilipewa soda, nikailalamikia kwamba ina ladha ya bati, mwenye sherehe akanuna. Vidole vinawasha, ladha imegeuka: nilijua maana yake na sikuthubutu kumwambia mtu. Asubuhi iliyofuata nilifungua macho, nikauambia mguu twende, ukaenda. Na iliyofuata. Ilipita juma, ikapita mwezi, nikawa naamka kabla ya jogoo kwa ubishi tu, nimekaa ukingoni mwa kitanda nikitikisa vidole vya miguu gizani. Baadaye sana etide ilipofungwa na siri ikafunguliwa, daktari alithibitisha kwamba chupa zile za pili ndizo zilikuwa dawa, na kwamba wengi wetu zilitusaidia, ingawa siyo wote. Mtu wa Buleusa zilimsaidia. Ukucha wa Shangazi ulitangaza kwamba haukuulizwa vizuri.

Lakini mimi sikuhitaji kungoja daktari anithibitishie. Nilithibitishiwa na barabara.

Jirani yetu alikuwa akimwoza binti yake, na nyumba ile ilipika kama inashindana. Nilikula bugali. Nilikula wali juu yake, nikakaa kwenye baridi nikiangalia wanaocheza, nikafanya kila kitu ambacho Papa alinikataza maisha yangu yote. Kulipopambazuka risasi zikalia nyuma ya kilima. Nilipogeuka mume wangu alikuwa amekwisha kuruka kutoka kitandani, amechukua kitenge, na amechuchumaa kando ya kitanda, amekipa mgongo, akingoja uzito wangu.

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda, binti yetu tayari mgongoni mwangu.

"Simama," nilimwambia. "Fungua ng'ombe."

Aligeuka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukikaa vile, mdomo wazi, na nje watu wanakimbia. Kisha akatoka kufungua zizi.

Tulishuka na majirani wote, na mvua ilikuwa imenyesha, njia yote ni tope. Watu walilia, na walikuwa na sababu. Mimi nilikuwa nimebeba mtoto na mfuko na sufuria, nawafukuza ndama mbele yangu kwa fimbo, na nilikuwa nacheka. Mwanamke aliyekuwa akitembea karibu nami alimwambia mwenzake kwamba yule mama wa watu risasi zimemharibu akili. Sikumjibu. Haistahili mtu kufurahi siku kama ile, najua, lakini nilifurahi, na nikiulizwa leo siku kubwa ya maisha yangu ni ipi, siyo harusi yangu.

Mweso tulikuta Papa na Shangazi wamesimama mbele ya nyumba, wakitazama wanaofika. Papa alimwona mume wangu akija na ng'ombe, akatazama mgongo wake, mgongo ulikuwa mtupu. Akasogea mbele kwa fimbo yake. Alikuwa ananitafuta kwenye migongo ya wanaume waliofuata nyuma, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa mbele yake kabisa.

"Papa," nikamwita.

Alinitazama kama mtu asiyeamini.

"Nani alikubeba?"

"Hakuna. Nilikuya na miguu yangu."

Alitazama chini kwenye miguu yangu, tope mpaka magotini, kiatu kimoja kimebaki njiani. Alitazama muda mrefu. Kisha akamwambia Shangazi alete maji ya moto, wanioshe. Shangazi alikuja na beseni, analia waziwazi, akapiga magoti kunishika mguu, nami nikauvuta.

"Acha kwanza, Shangazi," nilimwambia. "Acha matope ikae kidogo."